Neno "charge" kwenye hati yako: kwa nini tunaomba kuiona hati nzima

Wateja hupiga simu kwenye ofisi yetu ya tafsiri na kuuliza, "Jamani, 'charge' kwa Kiswahili ni nini?" Nasi tunawarudishia swali: limeandikwa kwenye karatasi gani? Hatuwazungushi. Kwenye risiti ya hoteli ni ada. Kwenye simu ni chaji, na hapo hakuna anayehitaji mfasiri. Likitoka polisi au mahakamani ni shtaka.

Panapotutia wasiwasi hasa ni kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hulitumia neno hilo kwa maana ya rehani: shamba au nyumba imewekwa dhamana ya mkopo. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu. A inaeleza kiwanja, B inamtaja mwenyewe, na C inaonyesha madai yaliyo juu yake. Mnunuzi akiliona neno hilo kwenye C, akadhani ni ada ya serikali iliyobaki kulipwa, anaweza kutoa akiba yake yote kwa kiwanja ambacho benki ina haki ya kukiuza mkopo usipolipwa. Muuzaji akikuambia "deni nilishamaliza", mwombe hati ya kufuta rehani, na uhakikishe imesajiliwa.

Ndugu yake, "discharge", ana mitego yake. Kwenye cheti cha hospitali ni ruhusa ya kwenda nyumbani, lakini mistari michache chini, kwenye cheti hichohicho, linaweza kuwa usaha unaotoka kidondani. Mahakamani maana yake mshtakiwa ameachiwa. Hapo tunakwenda polepole sana, kwa sababu aliyeachiwa kwa namna hiyo, Kenya hata Tanzania, kwa kawaida anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile; aliyeonekana hana hatia hawezi. Watu wengi huwaandikia wote wawili "ameachiwa huru". Sisi tunazitenganisha hukumu hizo na kutaja kifungu cha sheria kilichotumika, maana mwajiri au ubalozi utaisoma tafsiri yetu bila kuiona kesi.

Neno "charge" hurudi pia tunapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Barua ya hospitali ya Tanzania husainiwa na Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi, na Kiingereza chake rasmi ni "Medical Officer In-charge". Anayetafsiri neno kwa neno anaweza kumgeuza kuwa mganga wa kienyeji, na barua halali ikatiliwa shaka.

Kwa hiyo ututumie picha ya kila ukurasa wa hati yako, mbele na nyuma, mihuri ikionekana. Tuambie inakwenda wapi: mahakamani, benki, ubalozini, au unataka tu kuelewa ulichopewa usaini. Bei tunaitaja tukishaisoma. Ukitaka tukueleze neno moja tu lililo ndani ya hati yako, hatutozi chochote.