Kabla hujatundika maji ya sukari Pugu

Mindo, Ekuador

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka kutundika vyombo vya maji ya sukari pale shambani Pugu ili wageni waje kutazama ndege kama wanavyomiminika huku. Utaratibu nitakuandikia, ila shauri langu ni moja: usianze na sukari.

Ekuador kwa ukubwa haifikii theluthi ya Tanzania, lakini ina aina zaidi ya 1,600 za ndege. Sisi tunazo zaidi ya 1,100. Kazi kubwa imefanywa na milima ya Andes. Quito, mji mkuu, uko karibu mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, Mindo karibu mita 1,250, na katikati ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kila ukiteremka msitu unabadilika, na ndege nao. Zaidi ya aina 130 ni kolibri, vindege vya bara la Amerika peke yake, ambavyo hunyonya ua vikiwa vimesimama hewani. Yupo mmoja ambaye mdomo wake unaushinda mwili kwa urefu, ukiacha mkia. Akitua huuelekeza juu kama mvuvi aliyeshika upondo, na kwa kuwa mdomo huo haumfikii kifuani, manyoya huyatengeneza kwa kucha.

Hao ndio wanaotundikiwa sukari. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, koroga mpaka iyeyuke yote, basi. Asali haitiwi kwa sababu huotesha ukungu unaowadhuru. Sukari guru haifai. Rangi nyekundu haina kazi, maana chombo chenyewe huwa chekundu. Penye joto maji yamwagwe kila siku au siku ya pili, na chombo kisuguliwe kwa brashi, maji ya moto na siki. Wengi huosha tumbo la chombo wakasahau matundu, na huko ndiko ukungu mweusi unakojificha. Juu ya chombo huwekwa kikombe kidogo cha maji ili sisimizi wasipite. Tena havitundikwi vyote pamoja: dume mmoja mkorofi atavikalia akiwafukuza wenzake, kwa hiyo kimoja mbele ya nyumba, kingine nyuma.

Sasa njoo Pugu. Sisi tuna chozi, kindege chetu cha kunyonya maua. Chozi si kolibri. Yeye hupenda kutua kwanza kwenye kikonyo ndipo anyonye, kwa hiyo chombo kisicho na pa kutua hakimfai sana. Na kwa joto la Dar maji hayo yatachacha upesi, nyuki wakishayagundua hata ninyi barazani hamtakaa. Panda maua badala yake: mshubiri, mlonge, na migomba usiifyeke yote, ua la mgomba chozi hulipenda mno. Tandabui za pembeni mwa paa ziache, maana chozi hushonea kiota chake kinachoning'inia.

Cha pili ni maji. Sinia pana la udongo, kina cha sentimita 3 hadi 5, ndani liwe na mikwaruzo au mawe ndege wasiteleze. Liweke karibu na kichaka lakini si ndani yake, paka asivizie. Limwagwe na kusuguliwa kila siku: mbu wa dengi hutaka maji yaliyotulia, na wiki moja tu inamtosha kukua.

Adui wako mkubwa pale ni kunguru, huyu wa shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 akaenea mpaka bara. Hula mayai na makinda ya wenzake. Ukimwaga ukoko wa wali uani umemkaribisha, na shorewanda na chozi utawasikia kwa jirani. Jalala lifunikwe kwanza, mengine baadaye.

Juma akitaka kuongoza wageni, afike msituni saa 12 asubuhi. Ikigonga saa 4 ndege wengi wameshanyamaza. Asipige sauti za ndege kwenye simu mara kwa mara. Ndege hudhani kuna mvamizi, huacha kiota akitafuta ugomvi usiokuwepo.

Siku za pwani, Kunduchi au Ununio, aangalie maji na si saa. Yakiwa yamekupwa ndege wako mbali kule matopeni, hata kwa darubini ni nukta. Aanze muda wa saa mbili hivi kabla maji hayajajaa kabisa, yanapowasukuma kuelekea ufukweni. Septemba hadi Aprili ndiyo msimu wa wageni wa kaskazini. Amtafute ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo huzaliana kwenye mashimo ya mchanga huko pande za Ghuba ya Uajemi, na wazungu humlipia safari nzima.

Darubini nitamtumia, ya 8 kwa 42, yaani hukuza mara 8 na kioo chake cha mbele ni milimita 42. Hiyo 10 kwa 50 anayoitaka ni nzito, na mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inacheza.

Msalimie sana shemeji, na bibi mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Salum