Kibali kwanza, bima baadaye

Mhariri, kwenye ile habari yenu ya bima za nyumba California mmeyalaumu makampuni tu kwa kugoma kukatia bima nyumba zilizo kwenye hatari ya moto wa msitu, mi naona shida inaanzia kwenye kibali cha ujenzi. Mji wa Paradise uliungua 2018 wakafa watu 85, na bado watu wanajenga milimani huko huko, kampuni ikigoma kurinyuu bima wanakimbilia FAIR Plan, mfuko wa makampuni yote ya bima kwa waliokataliwa kwingine, ghali na inakava kidogo, halafu baada ya moto wa Los Angeles wa Januari 2025 pesa zake zikapungua ikabidi makampuni yaichangie dola bilioni 1, na sehemu ya hizo anaruhusiwa kukatwa hata mteja anayekaa mbali kabisa na msitu, jamani!

Kibali kisitoke bila wavu wa chuma kwenye vitundu vya hewa vya darini, maana cheche hupenyea hapo, na fensi ya mbao isigusane na ukuta. Aliyetimiza hayo apunguziwe bima.