Elfu moja ya lishe ifike jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme machache kuhusu lishe ya watoto huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, nchini umeshuka hadi asilimia 30, kutoka 34 mwaka 2015/16. Ni hatua. Lakini Iringa ilikutwa na asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, na Njombe na Rukwa karibu nusu. Mikoa hiyohiyo ndiyo inayolisha nchi! Mahindi tunayo, maharage tunayo, viazi huoza shambani bei ikianguka, na parachichi zetu zinapakiwa kwenye makontena ya baridi kwenda Ulaya. Anayesema tatizo letu ni uhaba wa chakula hajafika huku.

Msimu wa kulima mama anatoka alfajiri. Mtoto wa mwaka mmoja anaachiwa dada yake wa miaka saba na chupa ya uji mwepesi wa sembe, usio na karanga wala tone la maziwa. Mchana ananyweshwa uleule. Kuku wanataga, ila mayai yanakusanywa yauzwe, ipatikane sabuni na daftari. Siku ya nyama, finyango ni za baba. Na habari za msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, naziacha, nisije nikagombana na majirani.

Serikali iliagiza kila halmashauri itenge, kutoka mapato yake ya ndani, shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mbele ya Rais Samia. Napongeza. Ila tupige hesabu: elfu moja ni mayai mawili, matatu, kwa mwaka mzima. Hela hiyo haimlishi mtoto. Labda imfundishe anayemlisha. Halmashauri yenye watoto 30,000 inatakiwa kutenga milioni 30, na kwa milioni 30 unaweza kuwasha moto na kupika pamoja na akina mama katika vijiji vingi. Zikiishia kwenye ukumbi wa semina, posho, chai ya saa nne na fulana, mama wa kijijini hajaguswa.

Kwa hiyo wadau wa lishe wanaoandaa maoni kwa ajili ya mpango wa taifa wa lishe utakaofuata ule wa 2021/22 hadi 2025/26 nawaomba wasianze kwa kudai fedha zaidi. Wadai kwanza tangazo libandikwe ofisi ya kijiji kila robo mwaka: zimetengwa ngapi, zimetoka ngapi, zimefanya nini. Kutenga na kutoa ni vitu viwili, hilo mwenyekiti yeyote wa kijiji analijua.

Halafu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mtoto anazungushiwa mkononi utepe wa rangi, ukisoma kijani mama anaambiwa "hongera", anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Utepe ule unapima ukondefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kusoma kijani, mashavu yamejaa, kumbe ni mfupi kuliko umri wake, na hilo halijulikani mpaka apimwe urefu. Kwenye mkoa wenye udumavu wa nusu ya watoto, kila zahanati iwe na ubao wa kupimia urefu, na mhudumu aliyefundishwa kumweleza mzazi kile alichokisoma.

Siku hiyo pia ipikwe, si kuhutubiwa tu. Sufuria iwekwe jikoni, uji uwe mzito, karanga zitwangwe, dagaa wasagwe, mchicha ukatwekatwe, mtoto alishwe palepale. Tarehe ipangwe nje ya wiki za palizi, na akina baba waitwe kwa majina kama tunavyoitwa kwenye daftari la mbolea ya ruzuku.

Msomaji wako,
Makambako, Njombe