Kabla hujatia gundi mkiani

Langoni, Lamu

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku Amu hatujambo, alhamdulillahi. Mama aliposikia nakuandikia ameniagiza nikwambie kwamba safari hii ukija usilale kwingine.

Nimefurahi mno kwamba seti ya kujengea ndege ndogo ya rimoti imekufikia salama na kwamba vipande vyote vimo. Umeniuliza ununue risasi kiasi gani, ile metali nzito ya kuongezea uzito, ya kutia puani ili ndege isawazike. Nakusihi usinunue hata chubwi moja kwa sasa. Risasi ya puani ni malipo ya uzito uliokwisha kuingia mkiani, na wewe bado hujajenga kitu. Una bahati ambayo wengi huipoteza usiku wa kwanza kwa pupa ya kuunganisha, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Ndege yako, kwa vipimo ulivyoniandikia, ni ya kujifunzia hasa: bawa moja juu ya kiwiliwili, mita 1.5 toka ncha hadi ncha, upana sentimita 22 kote. Mchoro unataka kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposimama sawa ukiiegemeza, kikae milimita 65 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Gawa 65 kwa 220, utapata asilimia 30 kasoro kidogo. Ndege za namna hii karibu zote hukaa baina ya asilimia 25 na 33, kwa hivyo mchoro wako uamini. Kitovu kikija mbele zaidi, ndege huwa nzito wa pua: inaruka, lakini inataka kasi zaidi, na wakati wa kutua unavuta kijiti cha rimoti mpaka mwisho na pua bado haitaki kunyanyuka. Kikirudi nyuma, hapo ndipo pabaya. Ndege inakuwa na wasiwasi, ukiigusa kidogo inaruka juu, inapoteza mwendo, inaanguka upande, na mkono wa mwanafunzi hauna kasi ya kuiwahi.

Sasa ifanye hesabu ya wenzo mwenyewe. Toka kitovu hadi mkiani ni kama sentimita 70. Toka kitovu hadi kwenye mota ni sentimita 25 hivi. Gramu 10 ulizozidisha mkiani zinataka gramu 28 pale mbele ili zinyamazishwe. Gundi ya ovyo kwenye bawaba, kipande cha ubao mgumu mahali palipotaka laini, rangi tabaka mbili, waya mnene wa kusukumia usukani: hizo gramu 10 zimeshapatikana bila wewe kujua. Ukizilipa kwa 28, ndege imebeba 38 ambazo hazikuwa na kazi yoyote. Jahazi likipakiwa vibaya likawa zito wa tezi, nahodha hawezi kuliponya kwa usukani. Huipanga farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, upya kabla ya kutweka tanga. Wewe uko gatini bado.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni mizani. Azima ile ya jikoni inayosoma gramu moja moja, ikiwa shemeji ataridhia. Pima kila bapa la balsa, ule ubao mwepesi wa kujengea, na uandike uzito wake kwa penseli juu yake. Balsa hutoka Amerika ya Kusini, nyingi inayouzwa ni ya Ekwado, na ni mti wa ajabu kwa tofauti zake: mita ya ujazo ya ile nyepesi ni kilo 100 tu, na ngumu hupita 200. Zote mbili waweza kuzikuta katika sanduku moja, na kwa macho hazitofautiani. Bapa jepesi kuliko yote lipeleke mkiani. Zilizo ngumu zifanye boriti za bawa, kwani hapo ndipo ndege inapobebwa. Mbavu za bawa zigawe mafungu mawili yenye uzito sawa, kulia na kushoto, kabla hujaunga hata moja. Mtengenezaji amezikata kwa mashine, lakini mashine haichagui uzito wa ubao.

Jambo la pili ni unyevu. Wewe na mimi tunaishi pwani, na balsa hunywa hewa ya bahari. Usiache vipande nje usiku kisha asubuhi ukaviunga. Viweke ndani ya sanduku lililofungwa, na unapojenga bawa libane juu ya meza iliyonyooka kwelikweli. Meza yako ya sebuleni siiamini. Tafuta kioo kinene au ubao wa mlango usio na nakshi, uupime kwa pima maji, utandaze mchoro, juu yake weka nailoni ili gundi isishike karatasi. Bawa lililopinda milimita chache kwenye ncha litaivuta ndege upande mmoja siku zote, na hapo utadhani uzito ndio mbaya, kumbe umbo.

Gundi yenyewe: supaglu nyembamba kwa mbavu na mkia, tone moja moja, uiache ijipenyeze yenyewe. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya majimaji mawili, iweke kwa sehemu tatu tu: ukuta wa mota (ubao wa mbele unaoishika mota), miguu ya magurudumu, na pale nusu mbili za bawa zinapokutana. Epoksi ni nzito, na watu huipaka kwa woga. Ubao ulioshikana vizuri hutangulia kuvunjika wenyewe kabla ya kiungo, kwa hiyo woga huo hauna faida.

Hapa nikusimulie kidogo. Ami yangu fundi, yule wa milango ya kuchonga, alikuja kuniangalia nilipokuwa nafunga mota. Jicho lake likaona mara moja kwamba ukuta wa mota umeelekea kulia na chini kidogo, akanyoosha mkono kuchukua randa. Nikamzuia. Ukuta ule umechorwa hivyo makusudi, digrii 2 au 3. Pangaboi, lile la puani linaloivuta ndege, linazunguka kuelekea kulia ukilitazama kutoka nyuma, na ndege hujibu kwa kuvutika kushoto. Mota ikielekezwa kulia kidogo, mvuto ule unafutika. Na ndege yenye bawa juu, ukiiongezea nguvu huinua pua, kwa hivyo mota huinamishwa. Alipoelewa alifurahi sana, akakaa nami hadi magharibi. Alichukua uzi, akapima toka ncha ya bawa la kulia hadi katikati ya mkia, kisha toka ya kushoto, na pale zilipotofautiana akanionyesha wapi pa kupiga msasa. Sijaona mtu mwenye jicho kama lake. Na wewe pia ukuta wako usiuguse, hata ukiuona umepinda.

Kubandika ile plastiki ya rangi ya kufunikia ndege kwa pasi ni kazi ya subira, sitakuchosha nayo. Anza na joto dogo, bandika kingo kwanza, katikati mwisho, na upande wa juu na wa chini ubadilishane kupata joto ili usivute bawa likapindika. Likipindika, lizungushe kinyume kwa mikono miwili na mwenzako apitishe pasi. Plastiki ikipoa litabaki pale ulipoliweka.

Tumefika kwenye kusawazisha. Funga kila kitu kama siku ya kuruka: pangaboi, magurudumu, risiva inayopokea amri za rimoti, sevo zinazosukuma vibawa, betri, bawa limefungwa kwa mipira yake. Chini ya bawa, pande zote mbili karibu na kiwiliwili, weka alama milimita 65 toka ukingo wa mbele. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Inatakiwa itulie mlalo, au pua ishuke kidogo mno. Mkia ukishuka, usikimbilie risasi. Sogeza betri. Ndege yako ikiwa na gramu 1,300 na betri ya gramu 180, kila sentimita 3 unazoisogeza mbele zinakileta kitovu mbele kama milimita 4. Ndiyo maana nakwambia usigundishe kitanda cha betri mapema: kiache wazi, upate nafasi ya kusogeza mbele na nyuma, kisha ukipata mahali pake piga mstari na utie mkanda wa kubana ili betri isitembee angani. Risiva nayo na kidhibiti cha mota vinaweza kuhama. Risasi ni ya mwisho kabisa, baada ya vitu vyenye kazi kumaliza nafasi zao.

Halafu kuna usawa wa upande, ambao wengi hawaupimi. Mtu mmoja ashike mhimili wa pangaboi kwa kidole, mwingine ashike mkia katikati, muyaache mabawa yaelekee yatakako. Mimi hushikiwa na binti yangu, na ana mkono mtulivu kuliko wangu. Bawa moja likishuka kila mara, lile jingine litie uzito mdogo nchani, skrubu moja au mbili chini ya plastiki. Kutoka katikati hadi ncha ni sentimita 75, kwa hivyo gramu chache zatosha. Ukiacha hivi hivi, ndege itaruka sawa ikienda polepole na itavuta upande ikikaza mwendo, au kinyume chake, na utazungusha vibonye vya rimoti bila kupata nafuu.

Vijiti vya rimoti vijaribu ukiwa umesimama nyuma ya ndege, si mbele yake. Ukivuta kijiti kuelekea kwako, kibawa cha mkia kiinuke. Ukisukuma kulia, kibawa cha ncha ya kulia kiinuke na cha kushoto kishuke. Usukani wa mkiani nao, kijiti chake kikisukumwa kulia, uende kulia. Fanya hivyo kila siku kabla ya kurusha, hata kama jana ulifanya. Pangaboi litoe unapofanya majaribio mezani. Mota ya umeme haitoi onyo, na vidole havioti tena. Betri ya lithiamu ya seli tatu ijaze hadi volti 12.6 basi, usiiache ikijaza peke yake, na usiiweke kwenye jua la saa saba.

Kuhusu mahali pa kurushia. Umetaja nyanda za chumvi upande wa Ngomeni, na naelewa kwa nini, ardhi ni tambarare na watu ni wachache. Lakini kumbuka huko kuna kituo cha anga cha Waitaliano. Ndiko satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini, na jina hilo lilitokana na sikukuu yetu ya siku hiyo. Najivunia sana jambo lile kila nikipita njia hiyo, na nafikiri watoto wa Malindi hawaambiwi vya kutosha. Basi uliza kwanza. Na uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu na mji, kwa hiyo ufukwe wa mbele ya mji usiufikirie kabisa. Vyombo visivyo na rubani viko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na kanuni zake ni za mwaka 2020. Nenda ukaulize wanataka nini kwa ndege ya mchezo kama hii, kisha mjulishe na chifu. Mimi huku siendi Shela kwa sababu hiyo hiyo: ng'ambo ya mkondo ni uwanja wa Manda, na ndege za abiria hushuka chini. Naelekea mbali upande wa Kipungani, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza.

Kusi ya sasa ni kali kwa ndege ya gramu 1,300. Ngoja tangambili, upepo ukiwa haujaamua uende wapi, na uruke alfajiri. Ndege ikishapanda juu vya kutosha na imetulia mlalo kwa nguvu nusu, ielekeze pua chini kama digrii 45, kisha achia kijiti. Ikijiinua polepole, kitovu kiko pake. Ikijiinua kwa ghadhabu, pua ni nzito, rudisha betri nyuma kidogo. Ikizidi kuzama, ishushe taratibu, isogeze betri mbele na usirushe tena mpaka upime upya. Fanya hivyo ndege ikiwa juu sana.

Nataka unitumie uzito wa mambo matatu kabla ya Ijumaa: mkia mzima ukiwa mkavu, na nusu mbili za bawa, kila moja peke yake. Mkia ukipita gramu 60 tutazungumza tuupunguze wapi. Na tangambili ikifika, panda basi hadi Mokowe uje nayo, bawa limefunguliwa na kuzungushiwa shuka. Nijulishe siku yenyewe nije kukupokea gatini.

Nisalimie wazee, na watoto wote wape salamu zangu.

Wasalaam,
Swahibu yako wa Langoni