Yujeniki ilifika Nairobi pia, na walimu wafundishwe hivyo

Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapisha juma lililopita kuhusu watu wenye ulemavu zaidi ya 70,000 waliouawa kwa gesi nchini Ujerumani kati ya mwaka 1940 na 1941, nami nawashukuru kwa kuwakumbuka, lakini nilisikitika kuona habari hiyo ikisimuliwa kana kwamba fikra zilizozaa mauaji hayo, yaani yujeniki, imani kwamba kizazi cha binadamu kiboreshwe kwa kuchagua nani azae na nani asizae, hazikuwahi kukanyaga ardhi yetu.

Zilifika. Mwaka 1933 madaktari na walowezi wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha kizazi cha binadamu, wakifuata nadharia ambayo Mwingereza Francis Galton aliipa jina la yujeniki mwaka 1883. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya Waafrika, naye daktari F. W. Vint akachunguza bongo 100 za marehemu, na kutokana na vipimo hivyo ikahubiriwa kuwa Mwafrika huzaliwa na ubongo duni na kwamba elimu ya Kizungu ingeweza hata kumtia wazimu. Njaa na maradhi ya watu waliopimwa hayakupewa uzito. Serikali ya Uingereza ilikataa kugharimia utafiti mkubwa zaidi walioutaka, na chama kikafifia. Ila desturi ya kumpima mtoto kwa kipimo kilichokatwa kwa ajili ya mwingine haikuzikwa pamoja nacho.

Nasema hivyo kwa sababu nimefundisha katika kitengo cha elimu maalumu kwa miaka 14. Muhula uliopita nilimsindikiza mvulana wa miaka 9 kwenda kutathminiwa. Aliwekewa mezani picha ya kibaniko cha mkate kinachotumia umeme, akaulizwa kwa Kiingereza hicho ni kitu gani, ilhali kwao hupikwa kwa kuni na huzungumzwa Kikamba. Aliitazama, akaigeuza karatasi, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni redio. Fomu ikajazwa kuwa hafundishiki. Mvulana huyo ndiye anayegawa maziwa darasani mwetu, kwa wanafunzi 23, na hajawahi kumsahau hata mmoja.

Wasomi wa taaluma ya ulemavu, wengi wao wakiwa wenyewe ni watu wenye ulemavu, wamesisitiza tangu miaka ya 1970 kwamba kinachomlemaza mtu zaidi ni vizuizi anavyowekewa na jamii. Mimi chuoni nilifundishwa hoja hiyo kwa aya moja tu, na sikutajiwa Gordon wala Vint hata mara moja. Naomba wanaotunga mitaala ya ualimu waianzie historia hii Mathari kabla ya kuvuka kwenda Ujerumani, na wanaoandaa vipimo vya watoto wakae kwanza na mama zao, wawaulize vyombo vilivyomo jikoni mwao vinaitwaje.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa elimu maalumu,
Machakos