Usiing'oe Fuerte

Mwanangu,

Nasikia unataka kung'oa miparachichi yote ya aina ya Fuerte ubaki na Hass tupu, kwa kuwa ndiyo parachichi wanunuzi wanayoitaka huko Njombe. Kabla hujashika shoka, nenda shambani saa tatu asubuhi, siku ya jua, ukatazame maua ya Hass kwa karibu.

Yaliyofunguka wakati huo ni majike: ncha ya katikati ni nyeupe, iko tayari kupokea chavua, lakini stameni, vile vijiti vya kiume vya kutolea chavua, zimelala na hazina unga. Adhuhuri ikikaribia, ua linafunga. Kesho yake alasiri linafunguka tena likiwa dume, stameni zimesimama zinatoa chavua. Fuerte ni kinyume chake: jike alasiri, dume asubuhi ya siku inayofuata. Basi asubuhi Hass inapohitaji chavua, mwenye nayo ni Fuerte. Chavua yenyewe inanata, upepo haufui dafu. Huibeba nyuki anayefuata mbochi, yale maji matamu ya ua, kwani ua jike na ua dume yote yana mbochi.

Ni kweli, kukiwa na baridi saa za maua huvurugika, jike na dume hukutana mti mmoja, ndiyo maana hata mwenye Hass tupu huvuna. Lakini baridi hiyohiyo huwafungia nyuki ndani: chini ya nyuzi 13 hivi hawatoki kwa wingi. Usilitegemee hilo.

Acha Fuerte 1 kwa kila Hass 8 au 9, zitawanyike katikati ya mistari. Ukizipanga pembeni tu, miti ya kati itakosa, maana nyuki akishapata chakula mti mmoja hahangaiki kwenda mbali. Mizinga 2 au 3 kwa ekari inatosha. Ipeleke maua yakiwa yamefunguka kama moja ya kumi. Ukiwahi mno, nyuki watazoea maua mengine ya jirani, na mparachichi si kipenzi chao.

Maua yakipukutika usishtuke. Katika maua elfu, tunda 1 likikomaa si haba. Ukiona vitunda vyembamba kama vidole, visivyo na kokwa, hapo ndipo ujue uchavushaji ulikwama.

Dawa ya wadudu usipige maua yakiwa wazi; ikibidi kabisa, piga jioni nyuki wakisharudi mzingani. Na milango ya mizinga isielekee njia ya wapalizi. Nyuki wetu unawajua.

Mama yako