Shaba nyingi hutokana na magma iliyokwama, si iliyolipuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kauli inayorudiwa mno katika habari za madini, kwamba volkano ndizo zinazotuletea shaba juu ya ardhi. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza kwa nini machimbo mengi makubwa ya shaba yamejipanga kwenye kingo za mabara.

Katika pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, bamba la Nazca, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia kilicho chini ya bahari, huzama chini ya bara kwa mwendo wa sentimita 6 hadi 7 kwa mwaka, likiwa na maji yaliyofungwa ndani ya miamba yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, nayo yakipanda huifanya miamba ya moto iliyo juu yake iyeyuke kwa joto ambalo ikiwa kavu isingeyeyuka. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayozaliwa hapo huwa na maji, salfa, klorini na shaba kidogo sana.

Magma hiyo ikilipuka, gesi zake hutawanyika angani pamoja na metali zilizobebwa nazo. Ikikwama kilomita chache chini ya ardhi, jambo linalotokea zaidi pale gamba la bara linapobanwa na kunenepa, majimaji ya moto yenye chumvi hujitenga nayo, huupasua mwamba wa juu, na yakipoa kutoka nyuzi 400 hadi 300 za Selsiasi huiacha shaba katika nyufa. Ukilitazama kwa karibu jiwe la namna hiyo, utaona mishipa myembamba ya kwatzi, madini meupe magumu, iliyopishana kama uzi wa wavu, na ndani yake punje za kalkopiriti, madini yaliyobeba shaba, zenye rangi ya manjano kama dhahabu. Tani nzima ya jiwe hilo mara nyingi haitoi hata kilo 10 za shaba.

Kazi haiishii hapo. Huko kwenye mgodi wa Chuquicamata, Chile, ambako mwamba wenye shaba una umri unaozidi miaka milioni 30, milima iliinuka na kumomonyoka, maji ya mvua yakaiyeyusha shaba ya juu na kuirundika chini zaidi, kisha ukame wa jangwa la Atacama ukapunguza mmomonyoko kabla hazina hiyo haijasombwa yote.

Ninawaomba waandishi wenu, kila wanapotaja mgodi wa shaba wa aina hii, wataje pia umri wa mwamba wake na bamba lililozama chini yake.

Wako,
Msomaji anayefuatilia jiolojia